Mfereji Uliobomoka kwa Adabu

Juzi tumemzika wifi yangu Tumpe, na udongo wa kaburi haujakauka watu walikuwa wameshaanza kucheka. Kucheka msibani si kosa. Mtu akiishi miaka themanini na ushee, kwetu huzikwa kwa nyimbo na kwa sufuria kubwa za wali, hatulii kama aliyefiwa na kichanga. Kilichonikera ni kile walichokicheka. Mjukuu wake mmoja, kijana wa maneno mengi anayeuza simu pale Mwanjelwa, alisimama kusoma wasifu wa marehemu, akasoma vizuri tu, kisha akaiweka karatasi mfukoni na kusema ya kichwani. Bibi yetu, akasema, alikuwa mtu wa kutumainiwa katika kila jambo, isipokuwa mwaka ule wa kwanza wa kijiji, alipouacha mfereji peke yake ukabomoka, nusura awaue watu wote kwa njaa. Watu wakaangua kicheko, na mchungaji naye akatabasamu. Mimi nilikuwa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, nimefunikwa mablanketi mawili, maana siku hizi wanadhani mzee ni kitu cha kufunikwa, na sikufungua mdomo. Nimerudi nyumbani na hasira zangu, nikamwomba mwanangu daftari. Katika wote niliowakasirikia, wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Habari za ukoo, nani alimzaa nani na nani alitoka wapi, sitaziandika. Wapo wanaume wa kutosha wa kuzikariri. Naandika mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, tuliposhuka kutoka Rungwe kwenda kufungua mashamba ya mpunga katika bonde la Usangu. Ardhi kwetu ilikuwa imekwisha. Kaka na kaka waligawana kipande cha mgomba mpaka ukikohoa upande wako jirani anakuitikia upande wake. Tukasikia kwamba kule chini nchi ni tupu, mto upo, anayetaka achimbe. Lori likatushusha Chimala, familia kumi na kitu, na kuanzia pale tukatembea na majembe, kuku na watoto. Sisi wanawake hakuna aliyetuambia kwamba nchi tupu maana yake ni tupu kweli. Tulipofika niligeuka kulia, nikageuka kushoto, nikatafuta mahali pa kujificha nisipaone, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimekwisha.

Nieleze, maana wajukuu wangu leo wanakaa sofa moja na baba wakwe zao wakigombea rimoti. Kwetu wakati ule mke hakutazamana na baba wa mumewe. Hakuzungumza naye, hakula mbele yake, hakupita njia anayopita. Ukimwona anakuja unaingia migombani, unajifunika nguo kichwani, unachutama mpaka apite. Yeye naye, akiwa mtu wa heshima, akiona dalili yako anageuza uso au anageuka kabisa. Mtu akiniuliza kama lilikuwa jambo baya, kule Rungwe nitasema halikuwa na shida yoyote. Kule kila hatua tatu kuna mgomba, kuna kilima, kuna kona. Unaweza kuishi na baba mkwe miaka thelathini usimjue pua yake. Sasa mchukue mwanamke huyo huyo, mpeleke kwenye bonde ambalo mtu akivaa shati jeupe anaonekana tangu asubuhi mpaka anapofika kwako adhuhuri, halafu mwambie atunze adabu. Nilichutama mwaka ule mpaka magoti yakaota sugu. Nilichutama nyuma ya vichuguu, nyuma ya ng'ombe, na siku moja nyuma ya ungo, Mungu anisamehe, nimeushika mbele ya uso katikati ya uwanda.

Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya zaidi, kwa sababu hatukuwa na nyumba. Tulijenga banda moja refu la miti na nyasi, wanaume upande huu na wanawake upande ule, katikati ukuta wa matete. Kitanda changu cha kamba kiliegemea ukuta ule, na upande wa pili kiliegemea cha baba mkwe. Nilijua kikohozi chake na namna anavyovua viatu. Nilijua anasali kwa sauti akiomba mvua, ila akifika kwenye kuomba msamaha anashusha sauti. Saa ya chakula tulikula ugali na kambale, kambale na ugali, mpaka nikawa naota ndizi za kwetu zilizopikwa na maharage mekundu, na nikiwa natafuna nilisikia kila neno la wanaume. Kilimo cha mpunga nilijifunza hivyo, kwa sikio. Baba mkwe alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa kwenye mashamba ya mpunga ya mtu mwingine huko huko bondeni, kwa hiyo yeye ndiye aliyejua maji. Alieleza banio, kile kizuizi cha kugeuzia maji, linavyojengwa mtoni kwa vigingi na matete, mfereji unavyotakiwa uteremke kidogo tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na kwamba adui wa mfereji ni tundu dogo. Kaa akichimba, au panya, alisema, lizibe siku ile ile kwa udongo wa mfinyanzi, maana ule mweusi wa kule ukishalowa ni uji. Wanawe walikuwa wakisinzia. Aliyesikiliza ni mimi, nyuma ya matete, na sikuruhusiwa kuuliza swali.

Akitaka kuniambia jambo alimwambia Tumpe. Tumpe alikuwa binti yake wa mwisho, umri wake kumi na saba, mimi nimemzidi mwaka mmoja. Mzee anakaa pale, mimi nipo hapa, tunatenganishwa na tete moja, naye anasema: Tumpe, mwambie mke wa kaka yako ugali wa leo ulikuwa mbichi. Tumpe ananyanyuka, anazunguka banda zima, ananiambia ugali wa leo ulikuwa mbichi, kana kwamba mimi ni kiziwi. Nami namwambia mwambie baba kuni zilikuwa mbichi kwanza. Anazunguka tena. Tulicheka, yeye na mimi, tukiwa na midomo ndani ya kanga, kwa sababu usipocheka kitu cha namna hiyo utatoroka. Lakini kwa Tumpe kazi ile haikuwa mchezo. Alikuwa amemaliza darasa la sita, na kwenye hospitali ya misheni walikuwa wamemkubali aende kujifunza uuguzi baada ya mavuno. Barua ilikuja kwa Kiswahili, ameikunja mara nne, anaiweka ndani ya Biblia, anaisoma kama zaburi. Baba yake hakupenda binti aende kuosha watu asiowajua. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: msimu ule mmoja Tumpe awe mguu wangu na mdomo wangu, asiniache, atangulie njia ninayopita, na akague kingo za mfereji asubuhi na jioni, kwa kuwa mkamwana, yaani mke wa mwana, hawezi kutembea juu ya ukingo anakotembea mzee. Akimaliza msimu bila lawama, aende. Tumpe alilia kwa furaha siku ile. Nilimwambia anyamaze, msimu ni miezi, si kesho.

Tukamaliza kuchimba mwezi wa kumi na mbili, mikono yote imechubuka, maji yakaja. Tukapandikiza. Mwinjilisti wetu, Yona, mtu mwembamba mwenye koti moja, aliona jinsi wanawake tunavyohangaika kujificha majarubani, kwenye vile vipande vya mpunga vilivyozungushiwa kingo, akahubiri Jumapili moja kwamba mbele za Mungu baba mkwe na mkamwana ni ndugu, wanaweza kusalimiana. Wazee wote wakaitikia amina, na wa kwanza kuitikia alikuwa baba mkwe, maana alikuwa mzee wa kanisa. Nikafurahi usiku kucha. Jumatatu asubuhi nikasikia kengele. Baba mkwe alikuwa amechukua kengele ya ng'ombe, ameifunga kwenye mpini wa jembe lake, ili sisi wakamwana tumsikie mapema kabla hajatukuta. Hiyo ndiyo ilikuwa tafsiri yake ya mahubiri. Na wazee wengine, wakaona ni wazo zuri, nao wakafunga. Basi bonde zima likawa linalia kengele, nasi tukawa tunakimbia kila upande tukiwa na miche mikononi, na ng'ombe wenyewe wakichanganyikiwa. Mume wangu Ambakisye nilimwambia baba yako atatuua. Alinijibu kwamba baba anatuheshimu. Na ilikuwa kweli.

Mwezi wa nne mpunga ulianza kubeba. Mtu asiyewahi kuona jaruba lake la kwanza likibeba siwezi kumweleza. Nilikuwa naamka naenda kulitazama tu. Huo ndio wakati mpunga hauvumilii kiu, ukikosa maji siku tano unakuwa makapi. Siku yenyewe ilikuwa alasiri, jua kali, mimi na Tumpe tukifukuza ndege. Mke wa mwinjilisti alikuwa amemwahidi Tumpe kumsaidia kujibu ile barua ya hospitali, kwani majibu yalitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi, na mama yule alikuwa akiondoka kesho yake. Tumpe akanitazama. Alikuwa hathubutu hata kuomba. Nikamwambia nenda, wewe, mimi nitakaa, ndege hawataninyanyua. Akakimbia. Nikatandaza kitenge changu chekundu juu ya ukingo kikauke, nikaanza kung'oa magugu chini yake, na hapo nikaliona tundu. Lilikuwa ubavuni mwa ukingo, kubwa kama ngumi ya mtoto, linatema maji machafu. Nikalijua mara moja, kama mtu anayekutana na mgeni aliyesimuliwa sana. Nikachota tope nikaziba, likatema. Nikaweka nyasi na tope, nikakandamiza kwa kisigino, likapungua. Nilihitaji udongo wa mfinyanzi, na nilihitaji mtu wa pili.

Ndipo nikasikia kengele. Baba mkwe alikuwa anakuja juu ya ukingo, peke yake, na jembe, akitokea upande wa banio. Mtu pekee katika bonde zima aliyejua kuziba tundu lile alikuwa anakuja kwa miguu yake mwenyewe. Nami nilifanya nini? Nilitoa kisigino kwenye tundu, nikakimbilia kwenye matete, nikajifunika, nikachutama. Sikufikiri. Mwili wenyewe ulikimbia. Nikajiambia ataliona, ni mtu wa maji, hawezi kukosa kuliona. Kengele ikaja, ikaja, ikasimama. Nikangoja nisikie jembe. Halafu ikaanza kulia tena, ikienda ilikotoka. Alikuwa amekiona kitenge changu, akajua mkamwana yuko karibu, akageuka. Nikabaki nimechutama na nguo kichwani, nikiisikiliza kengele ile ikififia, maana mwiko ni kutotoka mpaka isisikike kabisa, na bonde tambarare husikika mbali sana. Nilipotoka, tundu lilikuwa kubwa kama ndoo. Nilipiga hatua mbili, ukingo ukaanguka. Ningeweza kumwita hata wakati ule, asingekuwa mbali. Badala yake nilikimbia kuelekea nyumbani, njia ya mbali, kumtafuta Tumpe ili yeye akamwambie baba yake.

Jioni ile wazee walikaa nje ya banda, nasi wanawake ndani, tukisikiliza kupitia matete. Baba mkwe alieleza kwamba alikiona kitenge, akarudi, kitu kingine hakukiona. Mimi nilimtuma mama mkwe aseme kwamba nilijificha niliposikia kengele, na nilipotoka nikakuta ukingo umeshaanguka. Basi. Na hapa, jamani, ndipo nilipotaka kupiga ukelele: walitusifu. Mzee mmoja baada ya mwingine akasema huyu ni mzee anayejiheshimu, na yule ni mkamwana aliyelelewa, wangekuwa wote hivyo nchi ingekuwa na amani. Mpunga wa kijiji kizima unakauka, mto wote unamwagika porini, na watu wazima wanapeana pongezi. Mama mkwe alinipapasa mgongo. Kisha sauti zikabadilika, wakauliza Tumpe alikuwa wapi. Tumpe alikuwa ameketi karibu nami, wino kwenye vidole. Angeweza kulitaja jina langu, aseme Atupele ndiye aliyeniruhusu. Nilimtazama nikingoja aseme. Alisema tu kwamba alikwenda kwa mke wa mwinjilisti. Baba yake akasema mtu asiyeweza kulinda mfereji hawezi kulinda mgonjwa, na ile barua akailete. Tumpe akaitoa kwenye Biblia, akazunguka banda, akampa. Hakurudi kulala mpaka nilipomfuata nje na kumshika mkono. Akaniambia nisijisumbue, kosa ni lake.

Siku mbili wanaume walihangaika na lile pengo bila mafanikio. Wanatupa udongo, maji yanauchukua. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa mbali kidogo, ulihitaji mikono mingi ya kuubeba, na mikono mingi ya kijiji kile ilikuwa ya wakamwana. Lakini pengoni walikuwa wamesimama wazee, na kila mmoja wetu alikuwa na wake wa kumkwepa. Kwa hiyo tulibeba vikapu mpaka kwenye matete, tunaviweka, tunarudi, halafu watoto na mabinti wanavichukua kimoja kimoja mpaka kwa wazee. Wanaume wamezama mpaka kiunoni wakisubiri udongo uliorundikwa hatua hamsini kutoka kwao, na sisi tumesimama kando yake tumejifunika nguo kichwani. Mabinti walikuwa wachache, na Tumpe alibeba kuliko wote. Hakuna aliyemwamuru. Siku ya tatu niliona shingo yake inatetemeka chini ya kikapu, ngozi ya bega imetoka, na nyuma yake naliona jaruba langu limeanza kuwa njano. Nikachoka. Siwezi kusema nilipata ujasiri, maana sikuwa nao. Nilichoka tu, kama mtu anavyochoka na mtoto anayelia. Nikavua nguo kichwani, nikaifunga kiunoni, nikabeba kikapu changu, nikatembea juu ya ukingo mchana kweupe mpaka alipo baba mkwe.

Kazi yote ilisimama. Mzee mmoja alitoka majini akaondoka bila kuaga. Wengine waligeuza migongo. Mwinjilisti Yona, masikini, akaanza wimbo, na wimbo aliouchagua ulikuwa wa Krismasi. Baba mkwe hakutoka. Aliinamisha uso, akatazama maji, nami nikamwona. Nilikuwa nimeishi na sauti ile miezi kumi nikidhani ni ya jitu, kumbe alikuwa mzee mfupi, mbavu nje, midomo imekauka kwa wasiwasi. Nikasema, "Tata, udongo huu hapa." Ndivyo tunavyomwita baba kwa lugha yetu, na lilikuwa neno la kwanza nililowahi kumwambia. Aliendelea kutazama maji. Kisha akanyoosha mikono akaupokea. Nyuma yangu wakaja wengine, mmoja mmoja, wakifungua nguo vichwani.

Tulifunga pengo lile kabla jua halijazama. Mpunga ulipona nusu, na nusu ile ilitutosha kubaki; hakuna familia iliyorudi Rungwe, na leo pale pana mashine za kukoboa, pana baa, pana watu wasiojua kwamba palikuwa nyasi. Mama mkwe hakula chakula cha mkono wangu mpaka mavuno. Kengele ziliachwa taratibu, bila mtu kutangaza. Tumpe hakwenda hospitali. Nafasi yake walimpa mwingine, yeye akaolewa mwaka uliofuata na mtu wa pale pale, akazaa, akalima, akazeeka, na kila kijana aliyepewa kazi ya kulinda kitu kijijini aliambiwa usije ukawa kama Tumpe. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Miaka sitini na zaidi nimemsikia akicheka.

Lakini sijaandika kilichotokea siku ile pengoni, karibu na mwisho, maji yalipokuwa yameanza kutulia. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji karibu na baba mkwe, nampa udongo, anaukandamiza. Alisema polepole, bila kuinua uso, "Lile tundu nililiona." Nikampa bonge jingine. Nikamwambia, "Na mimi, Tata. Nililiona kabla hujafika." Mikono yake ikasimama juu ya udongo. Akasema, "Basi mtoto tumemwonea." Nikasema ndiyo. Tumpe alikuwa anateremka ukingoni na kikapu, anahema, yuko karibu kiasi kwamba mmoja wetu angesema kwa sauti ya kawaida tu angesikia. Nilimngoja baba yake aseme. Nafikiri yeye alikuwa akiningoja mimi. Tumpe akamwaga udongo mbele yetu, akajifuta uso kwa kiwiko, akauliza kama umetosha. Baba yake akamwambia alete mwingine, naye akageuka, akapanda, akaenda kuchota.